Namna Jovitus Alivyonyooshwa

Nyakato, Mwanza
12 Januari 2025

Baba mkwe, Mwalimu Gosbert,

Shikamoo.

Mwaka tumeuanza tukiwa wazima, na tunaamini nawe huko Nansio umeuanza hivyo hivyo, pamoja na goti lako. Machungwa uliyompa yule mchuuzi Ngosha atuletee yalifika, ila alikiri mwenyewe kwamba mawili aliyala kwenye kivuko. Mwanao Jovitus anakusalimu. Karakana yake pale Igoma ina kazi nyingi, mageti mawili ya shule na madirisha ya nyumba ya mchungaji. Mjukuu wako Evelina ametimiza miaka minane na hana meno ya mbele, kwa hiyo kwenye picha ya Krismasi alikataa kucheka.

Baba, naandika kwa sababu simu huisikii hata tukipaza sauti mpaka majirani watoke nje. Tena hata ungesikia, mengine mkwe hawezi kuyatamka kwa baba mkwe. Karatasi inanisaidia.

Evelina amerudishwa darasa la pili. Akiulizwa kwa mdomo anajibu vizuri kuliko wenzake, lakini akipewa penseli anakuwa mtu mwingine. Daftari analilaza upande, penseli anaiminya mpaka vidole vinapauka, na mistari mitatu tu inammaliza. Mwalimu wake anasema ni uzembe. Jovitus naye anasema ni uzembe. Ameamua kwamba likizo ya Juni amlete kwako abaki huko, umnyooshe kama ulivyomnyoosha yeye. Ndiye aliyeniambia niandike kukuomba.

Kuna dada mmoja hapa mjini anayefanya mazoezi na watoto wa namna hii. Nimesikia habari zake kanisani. Nitakwenda kumwona, lakini hilo siyo la kukusumbua.

Wako mkwe,
Modesta

*

Nansio, Ukerewe
2 Februari 2025

Mkwe wangu Modesta,

Marahaba. Mwandiko wako unasomeka bila miwani, nakupa nane kati ya kumi. Mbili nimekunyima kwa sababu ya wino uliomwagika ukurasa wa pili. Goti langu linatabiri mvua kuliko redio. Kaburi la mama mkwe wako nimelipalilia. Ndege wanakula machungwa kabla sijayaona, nao hawaogopi mwalimu mstaafu.

Kuhusu mjukuu wangu, mleteni, tena msingoje Juni kama mnaweza. Miaka thelathini na minne nimefundisha kisiwani hapa, na uvivu wa mkono naufahamu kuliko ninavyofahamu shamba langu. Baba yake alikuwa hivyo hivyo. Darasa la tatu aliingia akiandika kama kuku aliyekanyaga tope, akatoka anaandika mstari mnyoofu. Leo ni fundi, ana mke, ana nyumba. Muulizeni kama alikufa.

Muhula mmoja tu utanitosha. Huyo dada wa mazoezi achana naye. Mtoto wa kuandika anahitaji daftari, hahitaji mazoezi ya viungo.

Msalimie Jovitus. Mwambie nimefurahi kwamba amenikumbuka.

Mimi baba yenu,
Gosbert

*

Nyakato
9 Machi 2025

Baba,

Shikamoo. Ngosha alipofika na barua yako nilikuwa nafua, nikaisoma mikono ikiwa na povu. Usininyime maksi nyingine. Huku mvua zimeanza na barabara ya kwenda kiwandani ninakofanya kazi imekuwa dimbwi. Jovitus yuko salama, alifurahi sana kusikia umekubali, akarudia maneno yako kuhusu muhula mmoja mpaka wakati wa kula.

Naona aibu kukwambia kwamba sikukutii. Nilimpeleka Evelina kwa yule dada, anaitwa Winnie. Ana chumba kimoja karibu na soko la Nyamagana, chenye magodoro sakafuni na mipira. Hakumpa Evelina penseli hata kidogo. Alimwambia apige magoti na kuweka mikono chini kama meza, kisha akamgeuza kichwa polepole, kulia na kushoto. Kila kichwa kilipogeuka upande mmoja, kiwiko cha upande wa pili kilikunjika na mtoto akayumba. Alirudia mara tano. Evelina hakufanya makusudi, nilikuwa namtazama.

Winnie alinieleza kwamba mtoto mchanga huzaliwa na mijongeo yake ambayo haiamui yeye. Ukimshtua anatupa mikono. Ukimgeuza kichwa, mkono wa upande anaotazama unanyooka wenyewe na ule mwingine unakunjika. Inatakiwa mijongeo hiyo ipotee kabla mtoto hajatimiza mwaka, apate nafasi ya kuutawala mwili. Wengine haipotei yote. Evelina akitazama daftari, mkono wake unataka kunyooka, naye anapigana nao huku anaandika. Ndiyo maana anachoka. Basi anarudishwa sakafuni, atambae kwa tumbo kama mjusi, ajikunje na kujikunjua, abembee taratibu, kana kwamba anaurudia ule mwaka wa kwanza. Dakika kumi na tano kila siku.

Winnie hakuniahidi muujiza. Alisema wazi kwamba hata wataalamu hawakubaliani wote juu ya mazoezi haya, na kwamba tujaribu miezi sita tuone. Sharti lake ni moja, mtoto asitishwe. Akiogopa, mwili unarudi kule kule.

Tunafanya mazoezi saa kumi na moja jioni, pazia likiwa limefungwa. Jirani yetu Hellen alichungulia akamwona mtoto wa miaka minane anatambaa, akaniuliza ana ugonjwa gani. Nilimwambia ameangusha hereni anaitafuta. Juzi ameniuliza kama hiyo hereni huanguka kila siku saa kumi na moja. Nimemwonea aibu mtoto wangu mwenyewe, Baba, na yeye alinisikia nikisema uongo ule.

Winnie ana fomu ndefu. Kuna mahali inauliza utoto wa baba wa mtoto: alitambaa, aliandika vipi, alisaidiwaje. Jovitus anasema hakumbuki. Naomba uniambie wewe. Ulimsaidia kwa njia gani mpaka akaandika?

Mkweo,
Modesta

*

Nansio
30 Machi 2025

Mkwe wangu,

Marahaba. Nimepata barua yako siku ya Jumanne, nikaisoma baada ya kumaliza kulisha kuku. Mtetea mweupe amehatamia mayai kumi na moja. Mihogo ya mwaka huu ni mizuri, nitawatumia unga. Katekista wetu amehamishwa na aliyekuja anaimba puani.

Hayo ya mijongeo nimeyasoma. Watu wa siku hizi wanapenda kuupa uvivu jina refu. Lakini sikukatazi, dakika kumi na tano hazimuui mtoto.

Fomu ijaze hivi: baba wa mtoto alitambaa kama watoto wote, aliandika vibaya kidogo, akasaidiwa na mwalimu wake, akanyooka. Hayo yanatosha. Mambo ya darasani ni mengi na mimi nimekuwa mzee.

Msisahau tarehe za kivuko. Juni huwa kunajaa.

Gosbert

*

Nyakato
27 Aprili 2025

Baba,

Shikamoo. Pasaka tumeila salama, tulipika wali na kuku, na wifi alikuja kutoka Magu na watoto wake. Unga umefika na tumeshaula nusu. Kazini kwangu tumepewa zamu mpya.

Nimeanza barua hii mara mbili nikaishia kwenye unga. Sasa nasema.

Siku ya Pasaka jioni Jovitus alikuwa amekaa amefurahi, ameshiba. Evelina alikuwa kwenye jamvi akifanya mazoezi yake, akamwambia baba yake na yeye ajaribu. Jovitus akacheka, akavua viatu, akapiga magoti. Mtoto akamshika kichwa kwa mikono yake miwili, akakigeuza polepole kama Winnie anavyomgeuza yeye. Kiwiko cha Jovitus kikakunjika. Bega likashuka. Jovitus akasema ameteleza, turudie. Kikakunjika tena. Mara ya tatu alikuwa amekaza meno na jasho linamtoka, mtu anayebeba mageti ya chuma peke yake, na kiwiko kikakunjika vile vile.

Evelina alifurahi kweli kweli. Akasema, "Baba, kumbe na wewe unao."

Jovitus alisimama, akajipangusa magoti, akatoka. Aliporudi hakula.

Kesho yake mtoto alikosea kunakili mistari, na Jovitus alimpiga kuliko siku zote. Nimeandika "kuliko siku zote" kwa sababu siku zote zipo, Baba. Tangu mwaka jana. Kila daftari linapofunguliwa fimbo inakuwa juu ya meza. Wewe sikukwambia. Winnie pia sikumwambia, alipouliza kama mtoto anatishwa nyumbani nilisema hapana, na huku nilikuwa nimemvalisha soksi ndefu kuficha alama. Na siku ile ya Jumatatu nilikuwa jikoni. Nilipoanza kusikia, niliongeza sauti ya redio. Siwezi kusema sikujua la kufanya. Nilijua, ila niliogopa kwamba nikimwingilia atanigeukia mimi, nikaona bora redio. Nimebeba fedheha hiyo mpaka kanisani, na komunyo sikupokea.

Nilimuuliza kwa nini anampiga namna ile. Alisema, "Mimi nilipigwa na mwalimu bora Ukerewe nzima, nikanyooka."

Amekata shauri kukuletea mtoto. Kivuko ni Jumamosi tarehe 7 Juni. Nakuomba unijibu lile swali la fomu kwa ukweli kabla ya siku hiyo, kwa sababu nikimpandisha mtoto kivukoni nataka nijue nampeleka kwenye nini.

Modesta

*

Nansio
1 Juni 2025

Mkwe wangu Modesta,

Marahaba. Ngosha nimemwambia asiende sokoni kwanza, akuletee hii moja kwa moja nyumbani.

Usimlete mtoto. Jovitus akija naye, nitafunga mlango na nitakaa ndani mpaka kivuko kiondoke, na majirani wangu waseme watakavyo.

Kuku wamekufa kwa mdondo, wote isipokuwa mtetea. Nakwambia hili maana sikuzoea kuanza barua bila habari.

Umeniuliza nilimsaidiaje. Jovitus aliingia darasani kwangu mwaka 1994, darasa la tatu. Shuleni petu palikuwa na mazoea, na mimi niliyashika kuliko wote: mtoto wa mwalimu akikosa, anapigwa mara mbili ya wenzake. Mwingine fimbo mbili, yeye nne. Ilikuwa ili mzazi yeyote asije akasema Mwalimu Gosbert ana upendeleo. Nilisifiwa kwa hilo. Mratibu wa elimu alinitaja kwenye mkutano.

Alikuwa analaza daftari upande, kama unavyomweleza Evelina. Nililinyoosha, akalilaza. Nikamfunga mkono wa kushoto kwenye dawati kwa kamba ya katani asiusogeze. Nilimpiga kwenye viganja, halafu namwambia aandike kwa viganja hivyo hivyo. Siku ya wazazi nilibandika daftari lake ubaoni, nikaandika juu yake kwa chaki nyekundu: MTOTO WA MWALIMU. Watu walicheka na mimi nilicheka nao. Mama yake alikuwepo. Aliniambia tukirudi nyumbani kwamba siku ile nimempoteza mtoto, na hatukulizungumza tena mpaka alipofariki.

Mstari mnyoofu niliokutajia aliuandika, ni kweli. Aliuandika huku analia. Kisha akaacha kabisa kuandika. Nafikiri umeshaona kwamba nyumbani kwenu anayeandika ni wewe.

Nilijinadi kwako kwa jambo hilo. Barua yangu ya Februari naikumbuka neno kwa neno na ninaona haya hata kutoka nje kuchota maji. Wakati ule hatukujua habari hizi za mijongeo. Hakuna aliyetufundisha chuoni. Tulijua fimbo.

Msomee Jovitus barua hii ukiona inafaa.

Gosbert

*

Nyakato
6 Julai 2025

Baba,

Shikamoo. Pole sana kwa kuku. Sisi ni wazima. Evelina ameanza kuota meno, moja limepinda.

Ngosha alifika Jumatano jioni akiwa amelowa. Ijumaa, siku moja kabla ya safari, nilimsomea Jovitus barua yako yote. Begi la mtoto lilikuwa mlangoni. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipofika kwenye daftari la ubaoni aliniambia nisome polepole. Nilipomaliza alilichukua begi akalirudisha chumbani, akatoka kwenda karakanani ingawa ilikuwa jioni.

Tangu siku ile hajampiga. Lakini fimbo haijatoka ndani, na mimi nimeshajifunza kutodanganyika upesi. Juzi mtoto alikosea, Jovitus akasimama, akaenda mpaka kabatini ilipo, akasimama pale kama mtu aliyesahau alichokifuata. Safari hii redio sikuigusa. Niliingia nikasimama kati yao. Hakunigusa. Alisema, "Sijui nitaweza mpaka lini." Nilipomtazama usoni niliona anaogopa kuliko mtoto.

Winnie nimemwambia ukweli wote, pamoja na soksi. Hakunifukuza. Aliniambia tuanze kuhesabu ile miezi sita upya, nami nilitamani anikaripie.

Sasa kuna jambo ambalo sikulielewa, nalileta kama alivyolisema. Jana Jovitus aliniambia nikuulize swali moja. Alisema hivi: "Mimi sasa nimeambiwa. Winnie ameniambia, mke wangu ameniambia, kiwiko changu kimeniambia. Muulize baba kama na yeye aliambiwa."

Nikamwambia umeshaandika kwamba wakati ule hamkujua. Akasema, "Akirudia kwamba hakuna aliyemwambia, nitaamini kwamba baba mzuri anaweza kufanya vile, na mimi nitafanya, maana nilikua nikawa fundi. Lakini muulize." Kama kulikuwa na upande wa pili wa maneno hayo, hakuumalizia.

Nakusihi, Baba. Sijui jibu la kweli ni lipi. Najua tu kwamba mtoto wangu yuko chini ya jibu lako.

Modesta

*

Nansio
31 Agosti 2025

Modesta,

Ngosha amekuja hapa mara nne kuuliza kama kuna barua, na mara nne nimempa machungwa tu. Usimlaumu.

Nimeandika barua tatu za kusema sikuambiwa. Moja ilikuwa nzuri sana. Ilieleza hali ya elimu ya miaka ile, upungufu wa vitabu, watoto themanini darasani, na yote yaliyomo yalikuwa kweli. Ungeisoma ungenihurumia. Nimezichoma zote kwa sababu kila nilipofika kwenye jina langu mkono ulikataa kutia sahihi.

Alikuwepo mwalimu wa darasa la kwanza, Mwalimu Leonsia, binti mdogo, mwaka wake wa tatu kazini. Alinifuata ofisini saa ya mapumziko. Aliniambia amemfundisha Jovitus na anamjua. Alisema, "Mwalimu, huyu mtoto hafanyi makusudi. Mtazame mkono wake kichwa kinapogeuka." Hakuwa na jina la jambo hilo, wala vitabu. Alikuwa na macho tu. Nilimjibu kwamba yeye ndiye anayewalea watoto kwa uvivu, na kwamba asiyezaa asinifundishe kulea. Alilia. Dirisha la ofisi halikuwa na kioo, na Jovitus mwenyewe, niliyekuwa nimemtuma kuleta boksi la chaki, alikuwa amesimama upande wa pili. Nilimwona kichwa. Miaka thelathini na moja nimejiambia kwamba hakusikia.

Sasa sikiliza neno ambalo sijalisema kwa padri wala kwa marehemu mke wangu. Mchana ule ule nilimtazama. Nilimwita mbele aandike, nikamgeuza kichwa kwa mkono wangu kana kwamba namwelekeza ubao, na niliuona mkono ukinyooka wenyewe. Chaki ikaruka. Niliona kwamba hakufanya yeye. Darasa zima lilikuwa linacheka, na nje kulikuwa na wazazi wawili waliokuja kwa habari ya michango, wananitazama mimi nitafanya nini na mtoto wangu.

Nilimpiga nne.

Kwa hiyo mwambie Jovitus kwamba baba yake aliambiwa, na baada ya kuambiwa akaona kwa macho yake. Sikumpiga kwa kutojua. Nilimpiga nikijua, kwa sababu niliona aibu mbele ya watu, na niliendelea mwaka mzima kwa sababu kuacha kungeonyesha kwamba nilikuwa nimekosea. Hakunyooshwa. Hakuwa amepinda. Yeye ndiye aliyekuwa na haki darasani mle, na mimi nilikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na minane.

Asinisingizie wema ili apate ruhusa ya kumpiga mtoto wake. Ruhusa hiyo sina.

Usimwombe anisamehe wala usimpe salamu zangu. Soma barua hii mpaka hapa, kisha umpe karatasi aishike mwenyewe.

Gosbert, baba yake